Ushauri: ishara za mikono na macho kwenye kipindi cha kusoma Kiingereza, kidato cha kwanza

Mwl_Kasulu
Wakuu, nina kidato cha kwanza, wanafunzi 70 na ushee. Msingi wamesoma kwa Kiswahili, nyumbani ni Kiha. Sitaki kutafsiri kila mstari, kwa hiyo naelezea kwa mikono na uso. Matokeo yake wananitazama mimi, kitabu wamekiacha. Na ninayemsimamisha asome, sauti inapotea. Nifanyeje?

ChakiNyeupe (Tabora)
Unaigiza mapema mno, mwalimu. Ukishaonyesha kwamba mama kabeba ndoo, nani atahangaika na sentensi? Wasome kimya kwanza, uliza nani anafanya nini, ndipo mkono uje kuthibitisha au kukanusha. Kwa aya moja maneno matatu yanatosha, tena vitenzi na vitu vinavyoshikika. "Although" usiiigize kabisa. Iandikie mifano miwili ubaoni. Halafu ishara moja ibaki na maana moja mwaka mzima. Kama gumba nyuma ya bega ni wakati uliopita, lisije kesho likawa "rudi ukakae".

Binti_Unyanyembe
Sauti inapotea kwa sababu umemsimamia karibu. Msomaji hupima sauti kwa umbali wa anayemsikiliza. Nenda kona ya mbali naye, utege sikio kwa kiganja. Na usikunje ndita kabla hajafika kwenye nukta.

Akiruka neno, tumia vidole. Mfano "She is carrying water", maneno manne. Inua mkono wa kulia, kiganja kikuelekee wewe, gumba liwe "She". Akisoma "She carrying", shika kidole cha pili, nyamaza. Wengi hugeuzia kiganja darasa. Hapo wanafunzi wanaona neno la kwanza liko kulia, sentensi imekwenda kinyumenyume!

Mwl_Kasulu
Asante dada. Huo ukimya uwe wa muda gani? Wenzake huanza kumtajia.

ChakiNyeupe (Tabora)
Hesabu hadi tatu kimoyomoyo, bila haraka. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi Marekani, akaandika miaka ya 1970 kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza; wakifika 3, majibu hurefuka na hata wale wazito hujitokeza. Wanaomtajia wazuie kwa kiganja kilichoelekea chini, macho yako yabaki kwa msomaji. Ukiwageukia, naye atawageukia.

Mzee_wa_Nzega
Kuchagua msomaji kwa kumnyooshea kidole si adabu. Tumia kiganja wazi, mkono wa kulia. Asiyekutazama machoni usimlazimishe, huku kuinamisha uso mbele ya mkubwa ni heshima. Kujua kama anasoma, angalia kidole chake kinavyofuata mstari. Na kama kitabu kimoja wanachangia wanne, wakati wa kusoma kimya acha kuzunguka kwenye madawati: kila unapopita vichwa vinainuka, na mwenye kufunua kurasa anawaacha wenzake. Simama nyuma ya darasa, kurasa utaziona kutoka hapo.