Re: Kuvua trauti mto Gura – Pasaka inafaa?

Wa Kijitonyama, Jumatatu

Ndugu zangu Wakenya wa Dar, hamjambo. Mwaka huu tukienda Nyeri kuwasalimia wazazi, mimi na mume wangu tumepania kupanda hadi mto Gura, tukavue samaki aina ya trauti kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovishwa ifanane na mdudu, kama alivyokuwa akifanya marehemu babu. Fimbo yake ninayo na sijawahi hata kuirusha. Tumefikiria wiki ya Pasaka. Gari letu ni la namba za Tanzania. Tujiandae vipi?

Mzee wa Mbezi Beach, Jumatatu usiku

Dada, Pasaka iache. Najua ndiyo likizo tunayopata wote, lakini hiyo ni masika. Gura inashuka kutoka milima ya Nyandarua, yaani Aberdare, kwa kasi, na mvua ikipiga siku mbili tu maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Nzi wa bandia si mnyoo, hana harufu. Trauti anamfuata kwa macho, na asipomwona utarusha mshipi mpaka mkono uvimbe. Barabara za ndani ya hifadhi ya huko nazo zikilowa, hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linateleza kama sabuni.

Nenda kati ya mwisho wa Januari na mwisho wa Februari. Maji yamepungua, yanaonyesha mpaka kokoto. Ila ukimwona samaki, naye anakuona. Trauti husimama akiangalia maji yanakotoka, kwa hiyo mwendee kutoka nyuma, yaani upande wa chini wa mto, umeinama, na usivae ile jezi ya njano ya mpira.

Fimbo ya babu ijaribu huku huku. Kinachorushwa hapa ni mshipi wenyewe. Nzi hana uzito, anaburutwa tu. Ukiutupa kwa nguvu kama wavuvi wetu wa Kigamboni utaangukia miguuni pako. Peleka nyuma, subiri unyooke wote, ndipo ulete mbele. Kule kusubiri ndiko kunakotushinda. Mimi nilijifunzia Coco Beach alfajiri, nimefunga kipande cha uzi mwekundu badala ya ndoano. Kijana wa bodaboda alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Mzee, unamchapa nani?"

Sasa karatasi. Kuna vitu viwili vya njano na watu huvichanganya. Kimoja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho utakihitaji wakati wa kurudi Tanzania ukitokea Kenya, na chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Cha pili ni kadi ya njano ya COMESA, bima ya gari linalovuka mpaka. Kadi ya gari kama si ya jina lako, beba barua ya mwenye gari. Pasipoti iwe na kibali chako cha ukaazi, maana Namanga wakati wa kurudi wataangalia kama unarudi kazini au unakuja kutembea.

Laini yako ya Safaricom iamshe mapema, kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa fedha taslimu. Leseni ya kuvua ni jambo la pili, si sehemu ya kiingilio. Omba na askari wa kukusindikiza, kwa sababu nyati wa Nyandarua nao hunywa maji hayo hayo. Na ile katoni ya maji ya chupa tuliyozoea kutupia kwenye buti iache nyumbani: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020.

Baridi sisemi sana. Ukikaa Dar miaka mitano unasahau kwamba kuna mahali mtu hulala na soksi. Nenda Karume kwenye mitumba, makoti mazito ni bei ya kutupa, nani huku anayavaa?

Wa Tabata, Jumanne

Shikamoo mzee. (Mnaona, Dar imenifundisha.) Swali la kijinga: kilomita 1,000 na ushee, halafu samaki mwenyewe ana ukubwa gani? Sokoni Feri hapa nanunua changu wa kilo.

Mzee wa Mbezi Beach

Marahaba. Wengi wao hawazidi kiganja na vidole vyake. Huwa nawarudisha majini. Halafu huyo samaki si wa kwetu hata kidogo: mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti, na Grogan, mlowezi wa Kiingereza, akayatia Gura hiyo hiyo mwaka 1905. Kama sisi huku, amezoea tu.

Wa Tegeta, Jumanne

Nyongeza kwa watakaopanda basi. Fimbo msiikabidhi kwa utingo. Yangu ya vipande viwili niliiweka kwenye buti, ikafika Nairobi ya vipande vitatu, na ofisini wakaniuliza kama niliilipia mzigo. Itieni kwenye bomba la plastiki la mabomba ya maji, vifuniko pande zote mbili, mkae nayo. Na nzi msinunue ughaibuni kwa bei za ajabu. Kenya wanafungwa kwa mkono na kusafirishwa nje, kwa hiyo huenda ukawa unalipa nauli ya kwenda na kurudi. Wadogo wadogo weusi wamenitosha.

Wa Kijitonyama, Jumatano

Asanteni sana. Mume wangu amenuna kidogo kuhusu Pasaka, ila ameomba likizo wiki ya pili ya Februari, watoto watabaki kwa dada yangu Ubungo. Jana jioni tumeijaribu fimbo uani. Mshipi wa babu umeoza, unakatika ukivutwa, lakini fimbo yenyewe nzima. Gari lina nafasi mbili za nyuma, tunatoka saa kumi alfajiri. Mwenye kuzitaka aseme kabla ya Ijumaa, na aje na koti lake.