Dawa za kiungulia zinazouzwa bila cheti cha daktari: tupeane uzoefu

Ndugu zangu, wengi wetu tunaosumbuliwa na kiungulia hujinunulia dawa, tukapata nafuu, na habari ikaishia hapo mpaka usiku mwingine moto unapopanda kifuani. Naomba kila mmoja aeleze alitumia dawa gani, aliitumia vipi na ilimfanyia nini. Mimi nimetumia vidonge vya kutafuna vyenye kalsiamu kaboneti, ambavyo hutuliza asidi ndani ya dakika chache, ingawa nafuu yake haidumu na kwangu iliandamana na choo kigumu. Nilipohamia dawa ya maji yenye magnesiamu, tumbo likaharisha. Ndiyo maana dawa nyingi za aina hii huchanganya magnesiamu na alumini, kwa kuwa ya kwanza hulegeza choo na ya pili hukikaza.

Jibu la 1
Uzoefu wangu ni wa omeprazoli. Mfamasia alinieleza, na ninamshukuru hadi leo, kwamba dawa hii haizimi moto uliokwisha kuwaka, bali hufunga pampu za tumboni zinazotoa asidi. Kwa hiyo humezwa kila siku nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, na huenda zikapita siku 1 hadi 4 kabla ya nguvu yake kuonekana kikamilifu. Karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti iliagiza siku 14, nami nikaishia hapo. Baada ya kuacha, kiungulia kilirudi kwa ukali kuliko awali, hata nikaanza kuamini kwamba siwezi kuishi bila dawa. Daktari alinifahamisha kwamba tumbo lililozuiwa kwa muda huweza kutoa asidi nyingi zaidi linapoachiwa, kisha likatulia. Walio katika hali hiyo wamwone daktari kabla ya kufungua pakiti nyingine.

Jibu la 2
Kwangu famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi tumboni, ndiyo iliyonifaa, kwa sababu kiungulia changu ni cha usiku. Huanza kazi ndani ya saa moja hivi na hunivusha hadi asubuhi.

Jibu la 3
Nazungumza kwa niaba ya mama yangu, anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo. Alianza kutafuna vidonge vya kiungulia muda uleule anaomeza dawa yake, na vipimo vyake vya damu vikaharibika bila sisi kuelewa sababu. Kalsiamu hunasa dawa hiyo tumboni isifyonzwe vizuri, hivyo sasa anaacha saa 4 kati ya moja na nyingine. Tafadhali, mtajieni mfamasia kila dawa mnayotumia, hata kama hakuwauliza.

Jibu la 4
Dawa zote mlizozitaja zilinipa nafuu, na nafuu hiyo ilinichelewesha. Nilikuwa nikimeza ibuprofeni, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza tumbo, mara kwa mara kwa ajili ya magoti, huku nikituliza tumbo kwa dawa za asidi, mpaka choo kilipokuwa cheusi kama lami. Kipimo cha kamera kilionyesha kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Anayeona choo cha namna hiyo, anayetapika damu, anayekwamwa na chakula anapomeza au anayepungua uzito bila sababu asiende tena dukani, aende hospitali. Na maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya yasisubirishwe kwa kidonge chochote cha kiungulia, kwa maana huenda yakawa ya moyo.