Laki nane za vitabu vya kompyuta Ujiji: tununue vya kutafutia kazi au vya kuelewa mashine yenyewe?

Mwanzisha mada, Ujiji

Wadau wa Kigoma na majirani zetu wa Tabora, habari za leo. Kuna jambo limetugawa, nimeona tulijadili hadharani kabla ya kikao cha Jumamosi. Chumba cha kusomea tulichokianzisha hapa Ujiji kimechangiwa shilingi laki nane za vitabu vya kompyuta. Upande mmoja unataka fedha yote iende kwenye vitabu vya matumizi: kuchapa barua, kupanga jedwali, kusanifu kadi za harusi. Upande wa pili, na mimi nimo, unataka vitabu vinavyoeleza kompyuta inafanyaje kazi na imewafanyia watu nini.

Hoja yangu ni hii. Kitabu cha kufundisha programu fulani kinazeeka pamoja na toleo la programu hiyo. Kwenye rafu yetu tayari kuna vitabu vya msaada vya Windows 95 na Windows 98, vinene, vyenye picha nzuri, na hakuna kijana anayevigusa kwa sababu kila kitufe kilichochorwa humo kimeshahama. Ila yale aliyoyaandika mwanahisabati Mwingereza Alan Turing mwaka 1936, kabla kompyuta tunazozijua hazijajengwa, bado ndiyo msingi wa simu uliyoishika sasa hivi. Charles Petzold alitoa kitabu chake, Code, mwaka 1999. Anaanza na tochi na waya, anapanda taratibu kupitia swichi na namba za sifuri na moja, mpaka unajikuta umeelewa kompyuta nzima. Toleo la pili lilitoka 2022 na njia anayopita ni ileile.

Naomba hoja zenu. Ninyi mkichagua kitabu mnaangalia nini?

Mwenye steshenari, Mwanga

Mkuu, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Vijana wanaoingia dukani kwangu hawaulizi Turing ni nani. Wanataka kutuma maombi kwenye Ajira Portal, kujaza fomu za mkopo wa Bodi, kuandika wasifu. Binti anayechapa haraka na kujua jedwali nampa kazi leo hii. Anayejua historia ya kompyuta nitampa kazi gani? Hiyo laki nane imetoka kwa watu wanaouza dagaa na mawese. Wamechanga ili waone mtoto wao anapata riziki, na kiu yao ni ya haki.

Mwanafunzi, kidato cha sita, Tabora

Mafunzo ya kuchapa yamejaa mtandaoni bure. Tununue bando.

Mwenye steshenari, Mwanga

Bando linaisha, mdogo wangu. Kwenye kununua vitabu nipo na mwanzisha mada, tunagombana juu ya aina yake tu.

Wakala wa pesa, Kibirizi

Mimi ni wakala wa kutoa na kutuma pesa kwa simu, na nataka niwaeleze jambo ambalo kila anayefanya kazi hii angepaswa kulisoma.

Kuanzia 1999, shirika la posta la Uingereza liliweka mfumo wa mahesabu uitwao Horizon, uliojengwa na kampuni ya Fujitsu. Waendeshaji wa posta ndogo za mitaani, watu wenye vibanda na maduka kama sisi, wakaanza kuona upungufu wasioweza kuueleza. Mfumo unasema fedha haipo. Wao wanaapa hawajaichukua. Na sheria za kule zilichukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka mtu athibitishe kinyume chake. Mwenye posta ndogo kijijini atathibitishaje kasoro ya programu asiyoruhusiwa hata kuiona ndani? Kufikia 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi na kughushi hesabu. Kuna waliofungwa, kuna waliouza nyumba kulipa deni ambalo halikuwepo, kuna waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zinazoweza kuzaa upungufu wa aina hiyo, na 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hatia za mamia yao.

Ndugu yangu wa steshenari, kijana wako anajua jedwali, sawa. Siku floti yake itakapokataa kulingana na daftari, atasimama na hoja gani? Mimi naandika kila muamala kwa kalamu. Wenzangu wengi wameacha, wanasema simu inatunza. Kitabu kinachoeleza programu hukosea vipi, na nani hubeba lawama ikikosea, kwangu mimi ni kitabu cha kazi kabisa. Kinalinda mtaji.

Mwalimu wa hisabati, Kasulu

Wakala amegusa penyewe. Mimi naongezea tatizo ambalo nyote mmelipita: lugha. Vitabu vinavyotajwa hapa ni vya Kiingereza, tena Kiingereza cha mtu anayemwandikia mwenzake aliyekulia huko. Mkivipanga rafuni na kuondoka, vitapata vumbi lilelile la Windows 95. Afadhali vitabu vitatu vinavyosomwa kwa pamoja, sura moja kwa wiki, na mtu wa kuieleza kwa Kiswahili, kuliko vitabu kumi vya kuonyeshea wageni.

Halafu msiagize kila kitu. Kuna kitabu cha mazoezi kiitwacho Computer Science Unplugged, kazi ya Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake. Kinapakuliwa bure na hakihitaji kompyuta hata moja. Unawapa watoto watano kadi zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16, kila mmoja anaonyesha kadi yake au anaificha, na ukijumlisha nukta zinazoonekana wanaweza kuandika namba yoyote kuanzia 0 hadi 31. Zoezi hilo nimelifanya na kidato cha kwanza chini ya mwembe. Umeme ulikuwa umekatika na hakuna aliyejali. Chapisheni nakala hapo hapo Mwanga, mtalipia karatasi na wino tu. Mwenye kutaka kujifunza kuandika programu, Allen Downey naye ametoa kitabu chake, Think Python, mtandaoni bure kwa ridhaa yake mwenyewe.

Mkutubi, Tabora

Nimefanya kazi na rafu za vitabu muda mrefu, niruhusuni niseme ninavyochagua.

Mwaka wa kuchapwa naangalia, ila haunitishi. Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitengeneza programu ya mazungumzo iitwayo ELIZA mwaka 1966. Ilikuwa inageuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, basi. Akashangaa kuona watu wanaifungulia mioyo kana kwamba inawaelewa, na mshangao huo ukamfanya aandike kitabu kizima, Computer Power and Human Reason, mwaka 1976. Leo watu wanaiambia simu siri za ndoa zao. Niambieni kama kitabu hicho kimezeeka.

Ninachotafuta zaidi ni kama mwandishi anataja waliolipa gharama. Kitabu chenye wavumbuzi na ushindi tu nakirudisha. Nafungua faharasa mwishoni: je, Afrika imo? Je, wanawake wamo, au wale sita walioiandikia ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo za Marekani, programu zake za kwanza wamesahauliwa tena? Naangalia pia kama anatofautisha anachokijua na anachokitabiri, maana vitabu vya akili mnemba vinavyotoka sasa vimejaa utabiri.

Na kuna pengo ambalo hakuna duka litakaloliziba. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nchi yenyewe ilikaa ikaamua kwamba mashine hizi zimeleta hasara kuliko faida! Wangapi hapa wameisoma habari hiyo kwenye kitabu chochote cha kompyuta walichofundishiwa? Mtoto wa Tabora anamjua Bill Gates, hajui kwamba serikali yake iliwahi kusema hapana.

Mwanafunzi, kidato cha sita, Tabora

Hiyo ya 1974 ndiyo naisikia leo. Naiondoa hoja yangu ya bando.

Mwenye steshenari, Mwanga

Nimesoma habari ya Horizon mara mbili. Sikuwa naijua, na imenigusa, kwa sababu nami nina mashine ya uwakala pale dukani. Nakubali kitabu kimoja cha aina hiyo. Ila msimamo wangu kuhusu kazi uko palepale. Miongozo ya LibreOffice, programu ya kuchapa barua na kupanga jedwali, inapatikana bure na programu yenyewe ni bure. Nitachapisha nakala mbili kwa bei ya karatasi, zikae chumbani. Hapo mtakuwa hamna kisingizio cha kusema fundi wa steshenari kasahauliwa.

Mwanzisha mada, Ujiji

Kaka, hilo nalipokea kwa mikono miwili, maana linaachia fedha kwa vile visivyopatikana bure.

Niseme kwa nini nimeshikilia upande wa athari. Sisi wa Kigoma hatuko mbali na jambo hili. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu imepokea watu wanaokimbia vita Kongo. Kule Kivu wanachimba koltani, inayotoa tantalamu, na tantalamu hiyo inaingia kwenye vipande vidogo vya kutunzia umeme ndani ya simu na kompyuta. Vita ile ina sababu nyingi, lakini madini yamo, na makundi yenye silaha yamejilipa kwayo. Tunaishi na watu hawa sokoni na shuleni. Halafu mtoto wetu asome kompyuta kana kwamba inaanzia kwenye kitufe cha kuwashia?

Pili, wote tumetoa alama za vidole kusajili laini. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu zilizokuwa sokoni za kutambua jinsia ya mtu kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Inakupa haki, ila usiyeelewa taarifa zako zinachukuliwaje utadai nini?

Napeleka kikaoni hivi: Code cha Petzold, kitabu kimoja kuhusu makosa na upendeleo wa mifumo, na hapo napendekeza cha Buolamwini mwenyewe, Unmasking AI, cha 2023, na cha tatu, Weizenbaum, kama mkutubi alivyosema. Unplugged na LibreOffice tunachapisha. Mwalimu wa Kasulu, tunakuomba uje utuanzishie sura ya kwanza.

Mwalimu wa hisabati, Kasulu

Nitakuja, nauli tutaongea. Mkinunua Code, chukueni nakala mbili. Moja haitoshi watu kusoma pamoja.

Mwenye steshenari, Mwanga

Kwa viwili vya kwanza nipo. Cha tatu, cha 1976, nitapiga kura ya hapana. Fedha yake iende kwenye nakala ya pili anayosema mwalimu. Jumamosi nitakuwepo mapema.