Mtu mkimya anapohamishiwa kaunta ya wateja

Swali (Jinja):
Ndugu zangu, kwa miaka sita nimekuwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na vitabu vyangu havijawahi kupishana hata shilingi mia. Mwezi uliopita nilihamishiwa kaunta, na tangu hapo narudi nyumbani nimechoka kiasi kwamba hata kuitikia salamu ya mke wangu ni kazi. Je, huu ni udhaifu, au hulka yangu haiendani na nafasi hii?

Jibu (Kampala):
Pole sana, ndugu. Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alieleza mwaka 1921 kwamba wapo watu ambao nguvu ya nafsi yao huelekea ndani na wengine huelekea nje, wala hakuiita hali yoyote kati ya hizo kasoro. Watafiti wa saikolojia ya kazi, Barrick na Mount, walipochambua tafiti nyingi kwa pamoja mwaka 1991, waliona kwamba uwajibikaji huashiria utendaji mzuri katika kazi za kila aina, ilhali uchangamfu husaidia hasa katika mauzo na uongozi. Uwajibikaji unao tayari.

Jibu (Mbarara):
Mimi ni msemaji sana, nikawekwa peke yangu stoo kuhesabu magunia ya kahawa. Nilikosea mara mbili kwa wiki moja, nikaonekana mzembe. Mwombe mkuu wako ukae kaunta asubuhi tu, alasiri urudi vitabuni.

Muuliza swali:
Asanteni. Nitamwona Jumatatu, kabla hatujafungua milango.