Naomba ushauri: ratiba ya ukumbi wangu wa sinema Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Nina ukumbi mdogo wa sinema hapa Kondele, skrini moja, viti 60. Naonyesha saa nane mchana, saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku.

Jumamosi ndiyo inanitesa. Mechi za Uingereza za saa tisa alasiri kwao huanza kwetu saa kumi na moja, au saa kumi na mbili msimu wao wa baridi, na vijana wote wanahamia huko. Juzi niliwasha projekta kwa watu wanne, mmoja mtoto aliyelala mapajani pa mamake. Je, nifute hiyo ya saa kumi na moja, niweke filamu ya watoto saa nne asubuhi?

Halafu usiku. Wanaorudi Ahero na Maseno huondoka kabla ya mwisho wakihofia kukosa matatu, na inaniuma sana. Nikianza saa moja, ya jioni lazima irudi saa kumi na nusu, maana filamu huchukua muda wa saa mbili na kufagia bisi dakika 20. Wanaotoka kazini wataikosa.

Mlio na uzoefu, mngeanza na lipi?