Mrejesho: Parachuti ya roketi yangu imefunguka

Wakuu, mimi ndiye niliyelia hapa kwamba roketi yangu ya karatasi inapanda vizuri halafu inarudi kichwa chini kama mkuki, parachuti imeganda donge. Juzi nilikuwa uwanjani na klabu, naleta mrejesho.

Mlioniambia nisome namba za injini mlipatia. Nilikuwa naweka C6-7. Kumbe herufi ni kiwango cha nguvu yote, 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 7 ni sekunde za kusubiri tangu msukumo uishe hadi kibaruti kidogo kilichomo ndani ya injini kilipuke na kuitoa parachuti. Kwa roketi nzito kama yangu, sekunde 7 ni nyingi mno. Ilikuwa tayari inaporomoka. Nikahamia C6-3.

La pili ni lile donge. Mzee mmoja wa klabu aliikunjua parachuti, akanionyesha kingo zilivyoyeyuka, akacheka. Nilikuwa naweka chache mno zile karatasi zisizoshika moto, za kukinga parachuti na joto la kibaruti! Safari hii nimeweka za kutosha, nikapaka plastiki ya parachuti poda ya watoto isigandane.

Mara ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kuirusha, kimya. Tukachomoa ufunguo wa usalama, tukangoja dakika nzima kabla ya kuisogelea (dakika ndefu hiyo, acheni). Waya wa kuwashia ulikuwa umechomoka.

Ya pili: fshiii! Ikapanda, ikapinda kidogo kileleni, "pap", mwavuli mwekundu huo. Upepo ukaibeba hadi kwenye miiba, bawa moja limevunjika. Gundi ipo.