Naomba ushauri: laptopu ya zamani imekuwa nzito mno

Habari zenu wakuu,

Nina laptopu yenye RAM ya GB 4 na diski kuu (hard disk) ya kawaida, ile inayozunguka. Inatumia Windows 10. Nikiiwasha, zinapita dakika 5 au zaidi kabla haijatulia, na nikifungua Task Manager naona diski iko asilimia 100 ilhali prosesa haijafika hata 20. Ndiyo maana nahisi tatizo ni diski, si prosesa.

Nimeshazima programu zinazojiwasha zenyewe pamoja na madoido ya madirisha na vivuli. Ahueni ipo, ila ndogo. Nafasi bado ipo, karibu nusu ya diski.

Ninapokwama ni kwenye mipangilio ya ndani. Huduma ya SysMain, ambayo hupakia mapema programu unazozitumia sana, wapo wanaosema izimwe kwenye diski za aina hii, na wengine wanasema ndizo hasa zinazoihitaji. Nani amejaribu akaona tofauti? Na memori pepe, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, niiachie mfumo ujipangie au niweke kiwango mwenyewe? Rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, sijaigusa, naogopa kuharibu, maana kazi zangu zote zimo kwenye laptopu hii na nakala niliyo nayo ni ya zamani.

Au nijinyime tu ninunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka? Naipenda sana mashine hii, imenivusha mengi, sitaki kuitupa.

Natanguliza shukrani.